Nani Analipia Mataruma?

Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya reli, iwe kwenye semina ya madiwani, redio ya mkoa au mbele ya wanafunzi wa Chuo cha Reli Tabora, swali la kwanza ni lile lile: reli iwe ya serikali au apewe mwekezaji? Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Nusu ya ukumbi inataka mwekezaji kwa sababu serikali haijui biashara. Nusu nyingine inataka serikali kwa sababu "tuliona Wahindi walivyotufanya". Nimelijibu swali hili kwa upole kwa miaka mingi. Leo upole nauweka kando, kwa sababu wakati tunabishana juu ya jina la mwenye mali, njia yenyewe inaliwa na kutu.

Swali ni baya kwa kuwa linaiona reli kama kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja. Sivyo. Kuna njia: tuta, kokoto, mataruma, vyuma vya reli, madaraja, makalavati, mitambo ya ishara. Kuna treni: vichwa, mabehewa, madereva, mafundi wa karakana. Kuna huduma: nani asafirishwe, kutoka wapi kwenda wapi, kwa nauli gani, hata pale ambapo safari hailipi. Na kuna mwongozaji, anayeamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Kila kimoja kinaweza kuwa na mmiliki wake, na kila kimoja kina gharama za aina yake. Ukiuliza "iwe ya nani?" bila kusema unazungumzia kipi, hakuna mtaalamu mwaminifu anayeweza kukujibu.

Watu wa Tabora hawapaswi kushangazwa na mgawanyo huo. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilikatiza Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kupumzika Kazeh na Kwihara kabla ya kushika njia ya Ujiji. Wenye misafara walikuwa wafanyabiashara binafsi: Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi wenyewe. Wapagazi walilipwa ujira. Lakini njia na visima vilikuwa mikononi mwa watemi, na aliyetaka kupita alilipa ushuru. Ugogo, ambako maji ni ya shida, ushuru huo ulikuwa mzito hasa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia kati ya Tabora na Ujiji, Waarabu wa Tabora walikuwa na mtaji, bunduki na bidhaa tele, na bado biashara ilikwama. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ilimbidi azungukie kusini. Mwenye msafara awe tajiri kiasi gani, njia isipopitika hana biashara. Mwenye treni naye ni hivyo hivyo.

Sasa niingie kwenye imani inayonikera kuliko zote, ambayo nimeisikia kwa wabunge, wahariri, wenye maghala ya tumbaku na abiria wa daraja la tatu: kwamba mwekezaji atakuja na fedha zake, atengeneze reli, sisi tukae tukingoje gawio.

Wanaoiamini hupenda kuanza na Mjerumani. Husema reli hii ilijengwa na kampuni binafsi, tena ikajengwa imara, mpaka ilipoingia mikononi mwa serikali ndipo ikaoza. Hebu tuangalie kilichotokea. Reli ya Tanga ilianzwa na kampuni binafsi mwaka 1893. Haikufika mbali, kampuni iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua na kuiendeleza. Kwa Reli ya Kati, wenye mitaji wa Ujerumani walikuwa wameshajifunza. Hawakutoa senti mpaka mwaka 1904 Bunge la Ujerumani lilipoidhinisha dhamana ya riba: reli ipate faida isipate, wao watalipwa. Ndipo kazi ikaanza Dar es Salaam mwaka 1905. Treni ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Na kutoka Morogoro kuja huku bara, gharama ilibebwa kwa mikopo ya umma iliyowekwa kwenye hesabu ya koloni. Kwa lugha nyepesi, mlipaji wa mwisho alikuwa mkulima wa Unyamwezi, kwa kodi yake na kwa mgongo wake uliobeba udongo wa tuta. Jina la kampuni lilikuwa la watu binafsi; hatari ya hasara ilikuwa ya umma. Tawi la Tabora kwenda Mwanza, lililokamilika 1928, lilijengwa na serikali ya Mwingereza, na tawi la Kaliua kwenda Mpanda, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, vivyo hivyo. Mwekezaji aliyekuja magharibi mwa Tanzania akajenga reli kwa fedha zake bila dhamana ya mtu simjui, na wanaonitajia Mjerumani hawamjui pia.

Kisha kuna RITES. Mwaka 2007 serikali ilikodisha uendeshaji wa Reli ya Kati na ile ya Tanga kwa miaka 25. Kampuni iliyoundwa, TRL, ilikuwa ya RITES ya India kwa asilimia 51 na ya serikali yetu kwa asilimia 49. Njia, madaraja na majengo vilibaki chini ya kampuni hodhi ya serikali, RAHCO. Sasa naomba msomaji aliyezoea kusema "mwekezaji binafsi" asome polepole: RITES ni kampuni ya umma ya India, iliyoanzishwa mwaka 1974 chini ya Wizara ya Reli ya nchi hiyo. Hatukubinafsisha. Tulichukua shirika la serikali moja tukalikabidhi kwa shirika la serikali nyingine. Mjadala mzima wa serikali dhidi ya sekta binafsi, uliochukua kurasa nyingi za magazeti yetu, ulikuwa juu ya jambo ambalo halikutokea.

Na fedha? Mkodishwaji alikuja na vichwa vya treni na mabehewa ya kukodi kutoka India, na TRL ikawa inadaiwa kodi yake. Chunguza mwelekeo wa fedha hapo. Mtu anayesemekana kuwa ameleta mtaji ameleta ankara, na ankara hiyo inaanza kusoma siku ya kwanza, kabla tani moja ya mzigo haijaongezeka. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na serikali ikaingiza mkono mfukoni. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yakazoa njia katika bonde la Mto Mkondoa, upande wa Kilosa na Gulwe, reli ikakatika kwa miezi, na fedha za kuitengeneza zikatoka Hazina. Ilipofika 2011 serikali ilikuwa imerudisha hisa zote mikononi mwake. Mzigo uliokuwa karibu tani milioni 1.4 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umeshuka chini ya tani laki tatu.

Majirani zetu hawakupona. Kenya na Uganda zilikodisha reli yao ya zamani kwa Rift Valley Railways mwaka 2006, nayo kwa miaka 25. Mkodishwaji wa kwanza alitoka Afrika Kusini, baadaye usukani ukashikwa na kampuni ya Misri. Kufikia mwanzoni mwa 2018 mikataba yote miwili ilikuwa imevunjwa. Watu watatu wakinywa dawa moja na wote wakazidiwa, daktari anayeendelea kuiandika anapaswa kujieleza.

Kwa nini ishindikane? Si kwa sababu wageni ni wezi, ingawa najua maelezo hayo yanapendwa. Sababu iko chini, kwenye kokoto.

Nenda kasimame pembeni ya njia magharibi ya Tabora mvua za Machi zikiwa zimekolea, mahali maji yametuama kando ya tuta. Treni ikipita, utaona taruma likizama na kuinuka, na kila linapoinuka linavuta tope jepesi kutoka chini na kulitapika juu ya kokoto. Kokoto safi hupitisha maji. Kokoto zilizoshiba tope huyashika. Wiki moja baadaye tope limekauka likawa gumu, taruma linaelea, na vibanio vinavyoshika reli vimelegea kiasi kwamba unaweza kukitikisa kimojawapo kwa kidole. Mataruma mengi ya njia ya zamani ni ya chuma, na ukilifukua moja utakuta kutu imelila hasa pale reli inapokaa. Ufa mwembamba unaanzia kwenye tundu la kibanio na kutambaa pembeni. Fundi njia mzoefu hahitaji kuinama. Hugonga kwa nyundo na kusikiliza. Akiridhika kwamba sehemu hiyo si salama kwa mwendo wa kawaida, anatoa taarifa, na bango la kupunguza mwendo linasimikwa.

Bango hilo ndilo linaloua reli. Tuseme behewa la mizigo linatumia siku 12 kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Kigoma. Kwa mwaka litafanya safari 30. Mabango ya mwendo yakiongezeka mpaka safari ikawa ya siku 24, behewa lile lile litafanya safari 15. Hujaibiwa behewa wala hujapoteza mteja, na nusu ya mapato yake imekwenda. Mapato yakipungua, fedha za kokoto zinapungua. Kokoto zikipungua, mabango yanaongezeka. Mwenye tumbaku wa Urambo na mwenye mafuta ya mawese wa Kigoma wanachoka kungoja, wanakodi lori, na wakishazoea lori ni vigumu kuwarudisha.

Sasa fanya hesabu ya mwekezaji. Kati ya taruma moja na jingine ni kama sentimita 70, kwa hiyo kilomita moja ina mataruma zaidi ya 1,400. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita kama 400: hapo una mataruma zaidi ya laki tano na nusu. Ukisema kila taruma lidumu miaka 40, lazima ubadilishe zaidi ya 14,000 kila mwaka, mwaka wa neema na mwaka wa njaa, hata kama treni inayopita ni moja kwa wiki. Hapo sijagusa chuma chenyewe. Sehemu kubwa ya njia ya Kigoma ilikuwa na vyuma vyepesi vya pauni 55 au 56 kwa yadi, wakati sehemu zilizokarabatiwa kati ya Dar es Salaam na Isaka ziliwekewa vya pauni 80. Sijagusa madaraja. Gharama hizi hazipungui mzigo ukipungua. Njia inayobeba tani milioni kumi inazigawa juu ya tani milioni kumi. Inayobeba laki tatu inazigawa juu ya laki tatu, na hakuna nauli ya mzigo duniani itakayozifuta mbele ya ushindani wa lori linalotumia barabara iliyojengwa na serikali.

Ongeza na muda. Taruma la zege likiwekwa leo litaishi kuliko mkataba wa miaka 25. Ukiwa mkodishwaji uliyebakiwa na miaka saba, kwa nini ununue kitu kitakachomfaidi atakayekufuata? Hutanunua. Utapaka rangi stesheni, utasimika bango la mwendo, utamaliza muda wako. Hakuna uovu hapo. Ni hesabu ya kawaida, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi angeiona. Kinachonishangaza ni kwamba watu waliosaini mikataba ya aina hiyo katika nchi tatu walikuwa na washauri wa kulipwa.

Wengine hunitajia Japani. Vizuri. Shirika la reli la Japani liligawanywa na kubinafsishwa tarehe 1 Aprili 1987, na kampuni zinazohudumia Tokyo na Osaka zinaendeshwa kwa ufanisi unaostahili sifa zake. Lakini madeni ya shirika la zamani yalikuwa kama yeni trilioni 37, na sehemu kubwa yake iliachwa kwa walipa kodi. Kampuni ya Hokkaido, kisiwa chenye baridi kali na abiria wachache, bado iko mikononi mwa taasisi ya umma na inaendelea kupata hasara. Aliye na uzoefu wa Tabora ajiulize kama Tabora inafanana na Tokyo au na Hokkaido. Wengine hunitajia Marekani, ambako kampuni za mizigo zinamiliki njia zao na kuzitunza. Kweli, na zinabeba mizigo mingi mno. Lakini kampuni hizo hizo zilichoka kubeba abiria, na mwaka 1971 serikali ilianzisha Amtrak ili iwapokee. Sekta binafsi ilipopewa nafasi ya kuchagua, ilichagua makaa ya mawe na kuwaacha watu. Anayetaka mfumo wa Marekani kwa reli ya Mpanda amwambie kwanza mama anayesafiri na magunia ya mpunga kutoka Mpanda wakati wa masika kwamba treni yake imefutwa.

Uingereza ndiyo iliyojaribu kubinafsisha hata njia yenyewe. Railtrack ilikabidhiwa vyuma, mataruma na ishara vya nchi nzima. Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na Hatfield, reli yenye nyufa zilizokuwa zimeshagunduliwa ilipasuka chini ya treni, watu wanne wakafa. Ndani ya mwaka mmoja Railtrack ilikuwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na mwaka 2002 njia ikarudi kwa chombo kisichotafuta faida. Mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kuzirejesha kwenye umiliki wa umma hata huduma za abiria.

Ninaposema hayo, nusu ya pili ya ukumbi huanza kupiga makofi. Isipige bado. Wanaosema tatizo lilikuwa Wahindi wanasahau reli waliyowakabidhi. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ilirudi nyuma bila breki kushika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Reli yetu ilikuwa ya serikali kwa asilimia mia moja, njia na treni na karakana. Miaka ya shirika la umma, kuanzia 1977 tulipogawana mali za reli za Afrika Mashariki, ilikuwa na watumishi hodari niliowaheshimu na ninaowaheshimu, lakini bajeti ya matengenezo ndiyo iliyokatwa kwanza kila Hazina ilipobanwa. Kokoto hazigomi, hazipigi kura, na uharibifu wake hauonekani kwa mtu asiye fundi mpaka siku treni inapoanguka. Serikali inayomiliki reli bila kutenga fedha za kuitunza inafanya kile kile alichofanya mkodishwaji wa miaka saba ya mwisho, tena bila kuwa na kisingizio cha mkataba kumalizika.

Kuna watakaoniuliza juu ya TAZARA, reli inayoziunganisha Tanzania na Zambia, na hili ni swali halali. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa miaka 30 na CCECC ya China, wenye thamani ya dola bilioni 1.4, unaohusisha hata kukarabati njia. Je, hapo mwekezaji hakuja na fedha? Amekuja nazo, na sababu inajulikana: shaba. Migodi ya Zambia na Kongo ina mzigo mzito, wa uhakika, unaotafuta bandari kwa miongo kadhaa. Anayekopesha anaona marejesho. CCECC nayo ni kampuni ya serikali ya China, kwa hiyo hata huko neno "binafsi" halipo. Mkataba ule utapimwa kwa hali ya njia katika mwaka wa 20, si kwa picha za siku ya kusaini. Tabora haina shaba. Ina tumbaku, asali, mpunga, mizigo ya Burundi na Kongo inayopitia Kigoma, na ya Rwanda inayopitia Isaka. Ni mizigo ya kuheshimika, lakini haitoshi kumfanya mtu atoe fedha zake mwenyewe kubadilisha mataruma 14,000 kila mwaka.

Upande wa njia, basi, uamuzi umeshapita. Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilitukopesha dola milioni 300 kwa mradi wa kukarabati njia kati ya Dar es Salaam na Isaka, na deni hilo ni la umma. Sheria ya Reli ya 2017 iliunganisha RAHCO na TRL kuwa Shirika la Reli Tanzania. Reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, imejengwa kwa mikopo na kodi, na vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma vina wakandarasi wa Kituruki na Kichina wanaolipwa na sisi. Mjukuu wako ndiye mwenye reli, apende asipende. Kinachobaki ni kama ataikuta ikipitika, na hapo natoa onyo: njia mpya hudanganya. Miaka yake kumi ya kwanza haidai mengi. Treni zinakimbia, viongozi wanapiga picha, na mtu wa bajeti anaanza kujiuliza kwa nini tutenge fedha za kutengeneza kitu kisichoharibika. Ndani ya miaka hiyo hiyo ndipo ratiba ya matengenezo inapopaswa kuwekwa na kulindwa, kwa sababu baada ya hapo gharama huja kwa mkupuo.

Kuna pia reli ya zamani ya upana wa mita moja. Nimesikia watu wazima wakisema ikifika ya kisasa hii itang'olewa ikauzwe chuma chakavu. Nawasihi wasilirudie neno hilo. Tawi la Kaliua hadi Mpanda halina mbadala wa kisasa uliosainiwa. Mgodi ulioleta reli ile ulishafungwa, lakini vijiji vilivyoota kando yake havikufungwa, na masika yakikolea treni ile huwa tegemeo lao. Haitalipa kamwe kwa nauli. Hospitali ya wilaya nayo hailipi kwa ada za wagonjwa, na hakuna anayependekeza ing'olewe.

Cha kufanya, kwa kifupi, kwa kuwa nafasi inaniishia. Ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, utengewe kwa sheria fungu la matengenezo lisiloweza kuhamishiwa ujenzi wala kitu kingine. Njia ibaki ya umma. Treni za mizigo ziruhusiwe za yeyote mwenye leseni, vichwa vilivyokaguliwa na bima, ashindane na Shirika la Reli bila upendeleo. Ada ya njia itangazwe hadharani, kwa tani na kwa kilomita, sawa kwa wote. Treni za abiria zisizolipa, Mpanda ikiwa ya kwanza, ziwe na mkataba: serikali inanunua idadi fulani ya safari kwa wiki kwa bei fulani, na safari isiyofanyika hailipwi. Anayeongoza treni asiwe na treni zake mwenyewe kwenye foleni. Ajali zichunguzwe na chombo kisichomiliki njia wala treni, na ripoti zichapishwe. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, itangaze kila robo mwaka orodha ya mabango yote ya kupunguza mwendo, yako kilomita ya ngapi, tangu lini na kwa sababu gani. Mikataba yoyote ya ukodishaji ipime hali ya njia siku ya kukabidhi na siku ya kurudisha, na amana ikae benki mpaka vipimo vilingane. Mafundi njia waajiriwe sasa, wafunzwe Tabora, kabla waliobaki wenye sikio la nyundo hawajastaafu wote.

Kwa hiyo diwani, mwalimu au dereva wa lori utakayekutana nami kwenye mkutano ujao, usiniulize reli iwe ya nani. Mwulize mbunge wako, mbele ya watu, mambo matatu: mwaka huu wa fedha zimetengwa fedha kiasi gani za kokoto na mataruma kati ya Tabora na Kaliua, kiasi gani kimeshatoka Hazina, na mabango ya mwendo yameongezeka au yamepungua tangu bajeti iliyopita. Akikujibu kwa hotuba juu ya wawekezaji, mrudishe kwenye swali la kwanza.